UZI: Swarna Chitrakar na patua wa Naya, wachoraji wanaoimba michoro yao

#1 Msomagombo

Wakuu, habari za muda huu. Waimbaji wa Kibengali wanajulikana, na wachoraji wa Kibengali vilevile. Uzi huu ni wa watu walio yote mawili kwa pamoja, na ambao kazi yao haieleweki ukiwatoa upande mmoja.

Swarna Chitrakar ni mwanamke wa kijiji cha Naya, Pingla, wilaya ya Paschim Medinipur, jimbo la West Bengal, India. Anachora magombo marefu ya karatasi, kisha anayafungua mbele ya watu fremu moja baada ya nyingine, huku akiimba kisa kilichomo na kuonesha kwa kidole. Gombo linaitwa *pat*, na Wabengali wenyewe hutamka kama *pot*. Wimbo wake ni *pater gaan*. Mwenye kazi hiyo ni *patua*. Chitrakar maana yake ni mchoraji, na karibu kijiji kizima kinatumia jina hilo, kwa hiyo ukiwaona Chitrakar wawili usidhani ni ndugu wa tumbo moja.

Naya inafikika kwa treni kutoka Howrah, jirani na Kolkata, kwenye njia ya Kharagpur. Unashuka stesheni ya Balichak, kisha unaendelea kwa barabara. Nyumba zenyewe zimechorwa kuta, na mwezi Novemba kuna tamasha la Pot Maya, lililoanza mwaka 2010, ambapo kila familia inatandaza magombo yake barazani.

Jambo ninalotaka lishike kwenye uzi huu ni moja: makumbusho na maduka yanauza pat kama picha ya ukutani. Siyo picha ya ukutani. Wimbo ndio unaoamua kuna fremu ngapi, nani awe mkubwa kwenye fremu, na kisa kikatwe wapi. Picha isiyo na wimbo wake ni kama utenzi uliobaki na vina tu. Wenye utaalamu wa rangi, ushairi na historia naomba mshushe nondo.

#2 Bintishangani

Naweka kambi hapa. Maswali mawili mkuu. Kwanza, kinachotangulia ni wimbo au mchoro? Pili, nimesoma kwamba patua wengi ni Waislamu, lakini magombo yao yamejaa miungu ya Kihindu kama Durga, Krishna na Manasa. Inakuwaje?

#3 Msomagombo

Dada Bintishangani, kwa visa vya zamani wimbo unatangulia kwa sababu umerithiwa. Mtoto anajifunza kuimba kisa cha Behula na Lakhindar kabla hajapewa brashi. Kisa chenyewe: Manasa, mungu wa nyoka, anataka kuabudiwa na mfanyabiashara Chand Sadagar. Chand anakataa, mwanawe Lakhindar anaumwa na nyoka usiku wa harusi, na bibi harusi Behula anapanda chelezo na maiti ya mumewe kwenda kuomba arudishiwe uhai. Ukishaujua wimbo, fremu zinajipanga zenyewe: Manasa na nyoka wake juu kabisa, kisha Chand, harusi, chumba cha chuma walimofungiwa maharusi, nyoka, chelezo mtoni, na kurudi.

Kwa visa vipya mpangilio ni huohuo. Patua anapata habari, anatunga beti, anaziimba mpaka zikae mdomoni, ndipo anapima karatasi. Swarna alifanya hivyo kwa tsunami ya Desemba 2004 na kwa korona mwaka 2020. Gombo lake la korona lilisambaa sana mtandaoni kwa video, akiimba mwenyewe, virusi vikiwa na uso wa pepo. Hapo wengi wa nje ya Bengali ndipo walipomsikia kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa ameshaifanya kazi hiyo kwa miongo.

Kuhusu dini, wengi wa patua wa Medinipur ni Waislamu: wanaoa kwa nikaha na wanazikana kwa taratibu za Kiislamu. Kwa muda mrefu wengi wamekuwa na majina mawili, moja la Kihindu la kazini na moja la Kiislamu la nyumbani. Kuna simulizi la kale kwamba wao ni wazao wa Vishwakarma, fundi wa miungu, na kwamba walitengwa kwa sababu walichora miungu kinyume na kanuni. Kijamii hawakukubalika kikamilifu upande wowote, na hilo liliwapa nafasi ya kuimba kwenye ua wa Mhindu asubuhi na wa Mwislamu jioni. Ndiyo maana kapu lao lina Krishna, na humohumo lina mawalii Satya Pir na Gazi Pir, huyu wa pili akipanda chui milia.

Anayeona unafiki hapo hajaelewa kazi yenyewe. Patua ni msimulizi, na msimulizi hubeba visa vya wale anaowafikia.

#4 Mghani wa Beti

Ngoja niongezee nyama kwenye upande wa wimbo, maana wadau wengi wataruka moja kwa moja kwenye rangi.

Bahari, yaani aina ya shairi, iliyo chini ya nyimbo hizi ni *payar*, bahari kuu ya ushairi wa Kibengali wa kale. Mstari una mizani (silabi) 14, unakatika baada ya mizani 8, kinabaki kipande cha 6. Mistari inakwenda miwili miwili na vina vinafanana mwishoni mwa kila jozi. Aliyezoea utenzi wetu, wenye vipande vinne vya mizani 8, ataona tofauti mara moja: utenzi una kina cha mwisho kinachofunga shairi zima, payar haina. Kwa hiyo patua anaweza kuongeza jozi moja au kuondoa tatu bila wimbo kuvunjika. Hilo ni muhimu sana kwa kazi ya kuzunguka nyumba hadi nyumba. Akiona wasikilizaji wana haraka anafupisha; akiona wamekaa chini, anarefusha.

Usitegemee mizani ikae sawasawa ukihesabu kwenye karatasi. Patua anavuta irabu au anameza silabi ili mstari uingie kwenye sauti. Ukiuandika wimbo kutoka kwenye rekodi, hesabu mapigo, usihesabu herufi.

Sauti yenyewe ina nafasi finyu, inapanda mwanzo wa jozi na kushuka mwisho wake, na kwa kawaida hakuna ala. Mikono yote ina kazi. Mmoja unashika gombo na kuliteremsha, mwingine unaonesha. Kidole hakitembei ovyo: kinagusa anayetajwa katika mstari ule ule anaotajwa, na kinaondoka kabla ya jozi inayofuata. Makosa ya wanafunzi ni haya. Wanafungua fremu mpya mapema, na macho ya watu yanakimbia mbele ya wimbo. Au wanafungua wakiwa wamemaliza jozi na kunyamaza, na kisa kinapasuka katikati. Fremu hufunguliwa *ndani* ya kipande cha mwisho cha mizani 6, sauti ikiwa bado inashuka.

Mwisho wa wimbo kuna *bhanita*, jozi ambayo mtunzi anajitaja jina na kijiji chake. Watunzi wetu wa tenzi nao walikuwa wakijitaja mwishoni, pamoja na mwaka wa kutunga. Kwenye magombo ya kale ambayo hayana sahihi popote, bhanita ndiyo iliyokuwa sahihi. Gombo likiuzwa bila wimbo, jina la mwenye kazi linabaki nyuma.

#5 Fundi Kifuu

Nimesubiri zamu ya rangi. Patua wa Naya wanasifika kwa rangi za mimea na udongo, na kwa bahati nzuri sehemu kubwa ya mimea hiyo ipo pwani ya Afrika Mashariki.

*Njano*: manjano mabichi. Twanga, ongeza maji kidogo, kamua kwenye kitambaa.

*Nyekundu ya machungwa*: mbegu za mzingefuri. Ndiyo, zingefuri ileile inayolimwa Kwale. Fungua ganda lililokauka, sugua mbegu kwenye maji machache sana mpaka ngozi nyekundu itoke, kisha chuja. Ukimimina maji mengi mara moja hupati kitu, maana rangi hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji. Unachokusanya ni unga laini unaoelea. Sugua kwa dakika 10 hadi 15.

*Kahawia yenye wekundu*: majani machanga ya msaji. Machanga kabisa, yale ya ncha. Ukiyafikicha kiganjani na mkono ukawa mwekundu, yanafaa. Yaliyokomaa hayatoi kitu cha maana.

*Kijani*: majani ya fiwi, yaliyopondwa na kukamuliwa.

*Bluu*: maua ya aparajita, kitambaazi chenye ua la bluu iliyokolea na doa jeupe au la njano katikati. Toa ushungi wa kijani chini ya ua, tumia petali tu. Anza na maua kama 40 kwa vijiko viwili vya maji.

*Zambarau*: matunda yaliyoiva ya nderema.

*Nyeusi*: masizi ya taa au ya chungu. Wengine huunguza mchele mpaka uwe mkaa, kisha wanasaga.

*Nyeupe*: udongo mweupe unaoitwa *kusum mati*. Loweka, koroga, acha chembe nzito zitue kwa dakika chache, mimina maji ya juu yenye weupe kwenye chombo kingine, acha yatulie usiku kucha. Unachotaka ni tope laini lililotua chini ya chombo hicho cha pili.

Gundi ni ya beli, tunda la Kihindi lenye ganda gumu, likiwa bichi. Ndani, kuzunguka mbegu, kuna ute unaonata. Unaukwangua, unauloweka kwenye maji usiku, asubuhi unachuja. Asiyekuwa na beli atumie gundi ya mgunga: vipande vilivyopondwa, sehemu moja kwa maji mawili, mpaka viyeyuke vyote.

Kipimo cha kuanzia ni kijiko kimoja cha gundi kwa vijiko vitatu vya rangi nzito. Kisha jaribu kwenye kipande cha karatasi, acha kikauke kabisa. Pitisha kidole kikavu: rangi ikihamia kidoleni, gundi ni kidogo. Kunja karatasi kuzunguka kalamu: rangi ikipasuka au kung'aa kama kucha, gundi imezidi. Jaribio hili la kukunja ndilo wengi wanaliruka, na gombo ni kitu cha kukunjwa maisha yake yote.

Rangi inachanganywa ndani ya kifuu na kuanikwa juani mpaka ikauke. Msimu wa maua ni mfupi, kazi ni ya mwaka mzima. Ukitaka kuchora unaongeza maji, unasugua kwa brashi, rangi inaamka. Kila rangi na kifuu chake. Brashi za zamani ni manyoya ya mbuzi kwa kujaza na manyoya ya kindi kwa mistari.

#6 Bintishangani

Fundi, bluu ya aparajita ukiigusisha na ndimu inageuka zambarau. Je, karatasi yenyewe haiwezi kuibadilisha? Na rangi za majani na maua zinadumu kweli, au zinachuja baada ya mwaka?

#7 Fundi Kifuu

Swali zuri. Bluu hiyo inafuata uchachu. Ndimu inaisogeza kwenye zambarau na waridi, majivu au chokaa inaisogeza kwenye kijani. Kwa hiyo makosa mawili ya kawaida: kuichanganya na nyeupe ya chokaa ili kupata samawati (inakuwa kijani chafu, tumia udongo mweupe usio na chokaa), na kuiweka juu ya karatasi rahisi yenye uchachu, ambapo inaanza kuwa zambarau kidogokidogo. Jaribu kwanza kwenye kona.

Kuhusu kudumu, masizi na udongo havichuji. Msaji unajitahidi. Manjano, zingefuri, bluu ya aparajita, zambarau ya nderema na kijani cha majani vyote vinaumizwa na mwanga. Manjano yanapauka haraka kuliko mtu anavyotarajia, kijani kinageuka kahawia ya majani makavu, na nderema ndiyo dhaifu kuliko zote. Kama ni kazi ya kukaa, usiitumie nderema kwenye uso wa mhusika mkuu. Iweke kwenye maua ya pembeni.

Hapo ndipo unaona akili ya mfumo wa zamani. Gombo lilikaa limekunjwa gizani, likafunguliwa kwa muda wa wimbo mmoja tu. Rangi ilipata mwanga dakika chache kwa siku. Tatizo la kupauka limeletwa hasa na fremu za kioo na kuta zenye jua.

Na tuseme ukweli: mwamvuli, fulana, birika na trei zinazouzwa Naya zinachorwa kwa akriliki au rangi ya kitambaa, kwa sababu rangi ya maua haishiki kwenye bati wala haivumilii kufuliwa. Hakuna ubaya. Ubaya ni kuuza akriliki kwa jina la rangi ya mimea.

#8 Msomagombo

Asante Fundi. Naongeza jinsi gombo linavyojengwa, kwa mfano wa hesabu.

Karatasi kubwa ya chati inayouzwa madukani India ina sentimita 56 kwa 71. Tuseme wimbo wako una fremu 10, kila fremu urefu wa sentimita 33, upana 56. Karatasi moja inatoa fremu mbili (66) na inabaki sentimita 5. Unahitaji karatasi 5. Maungio ni 4, kila moja linakula sentimita 2 za kupandana. Jumla ya urefu: mara tano 71 ni 355, toa 8, unabaki na 347. Fremu zinakula 330. Sentimita 17 zilizobaki ni za mikanda kati ya fremu na za kuzungushia mianzi juu na chini.

Hapo kuna kosa kubwa la wanaoanza: kuacha ungio lipite katikati ya uso wa mtu. Ungio ni gumu, halikunjiki sawa na sehemu nyingine, na rangi hupasukia hapo kwanza. Panga karatasi ili ungio liangukie kwenye mkanda wa mpaka. Wengine wanaunga kwa gundi, wengine kwa kushona.

Kuchora: kwanza mstari mwepesi wa sura, siku hizi kwa penseli. Kisha rangi bapa, bila vivuli, kuanzia maeneo makubwa. Zikishakauka kabisa, mistari myeusi. Macho mwishoni. Mapambo ya pembeni, maua na majani, yanafunga kazi. Ukipiga mstari mweusi juu ya manjano ambayo hayajakauka, unapata ukingo wa kijivu usiofutika.

Mgongoni linabandikwa sari kuukuu ya pamba, mara nyingi baada ya mchoro kukamilika. Kuukuu kwa sababu imefuliwa mara nyingi, haisinyai tena. Kitambaa kipya kikipata unyevu wa gundi kinasinyaa na karatasi inajikunja pembeni. Bandika kuanzia katikati kwenda nje, ukisukuma hewa kwa kiganja, kisha anika kivulini. Juani upande mmoja unakauka kabla ya mwingine na gombo linapinda lisirudi tena.

#9 Kitabu Chakavu

Naomba nichukue upande wa historia na maisha ya kazi, kwa kuwa bila huo Swarna anaonekana kama ametokea hewani.

Patua wa zamani alizunguka vijiji na gombo begani, akaimba, akalipwa mchele, sarafu au nguo kuukuu. Kazi hiyo ya kuzunguka ilikuwa ya wanaume kwa sehemu kubwa. Wanawake walisaga rangi, walisaidia kujaza, na walifinyanga wanasesere wa udongo.

Karne ya 19 baadhi walihamia Kolkata, kwenye hekalu la Kalighat, ambako mahujaji walitaka kitu cha haraka na rahisi kubeba. Gombo likawa karatasi moja ya kiwandani, mstari mpana wa brashi, kisa kizima kikawa sura moja. Wimbo ukafa hapo. Picha za Kalighat ni nzuri ajabu, na mkusanyiko mkubwa kuliko wote uko Victoria and Albert Museum, London, lakini picha za kuchapwa za bei nafuu zilipofurika, wachoraji hao hawakuwa na kitu ambacho mashine haikuweza kutoa. Wale wa vijijini waliobaki na wimbo walidumu. Jamini Roy, mchoraji aliyezaliwa Beliatore, Bankura, mwaka 1887, alirudi kwenye mstari na rangi za patua baada ya kusomea uchoraji wa Kizungu, na kupitia kwake mtindo ule ukaingia kwenye sanaa ya kisasa ya India. Mstari tu, wimbo hakuuchukua.

Aliyeelewa kwamba vitu viwili hivi haviachani ni Gurusaday Dutt, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Waingereza. Alikusanya magombo, na vilevile aliandika nyimbo za magombo hayo. Mkusanyiko wa nyimbo, *Patua Sangit*, ulichapishwa na Chuo Kikuu cha Calcutta mwaka 1939. Magombo yake yalikwenda kwenye makumbusho yenye jina lake huko Joka, kusini mwa Kolkata.

Kisha sinema, redio na televisheni. Mtu mwenye televisheni halipi mchele asikilize Behula. Patua wengi waliacha, wakafanya vibarua. Kilichowarudisha ni mchanganyiko: wakusanyaji wa mjini, maonesho ya kazi za mikono, na mashirika yaliyohitaji wasimulizi wa kampeni. Magombo ya UKIMWI, ya chanjo, ya kupanda miti, ya kupinga mahari yametoka hapo. Wakati huohuo mzee Dukhushyam Chitrakar, mtunzi mkubwa wa Naya, alifundisha wanawake kuchora, na akawafundisha pia kuimba na kutunga. Bila uamuzi huo, Swarna na wenzake wangebaki wasaidizi. Mwaka 2018 pat ya Bengali ilipata ulinzi wa kisheria wa jina la mahali nchini India.

Kwenye tsunami nasimama kidogo. Mawimbi yaleyale ya 2004 yaliua watu mpaka Somalia, Kenya na Tanzania. Kwenye magombo mengi ya Naya bahari imechorwa kama uso mkubwa wenye mdomo wazi, maiti na nyumba zikizunguka ndani yake. Mbinu ile imetoka moja kwa moja kwenye visa vya kale, ambako nguvu inayoua lazima iwe na uso ili kidole kiweze kuigusa. Korona ikapewa uso kwa sababu ileile. Ukiwa na fremu tupu ya maji ya bluu, mwimbaji ataonesha nini?

#10 Mghani wa Beti

Umenena, mkuu. Niongeze kwamba nyimbo za kampeni zina ugonjwa wake. Mteja analeta orodha ya ujumbe kumi, anataka yote yaingie. Matokeo ni beti za maagizo: nawa mikono, vaa barakoa, kaa mbali. Patua mzuri anaikataa orodha kwa upole, anaanza na mtu mmoja: mama fulani, mumewe karudi kutoka mjini, ana homa. Agizo linaingia ndani ya kisa kwenye jozi moja au mbili. Linganisha gombo la kampeni lenye mhusika na lisilo na mhusika, utaona lile la kwanza bado linaimbwa baada ya kampeni kuisha.

#11 Mjadili Huru

Samahani wadau, kuna sehemu tunachanganya. Pattachitra ya Raghurajpur, Odisha, nayo si ndiyo hii? Na kuna gazir pat ya Bangladesh.

#12 Kitabu Chakavu

Ndugu Mjadili, majina yanafanana kwa sababu *pat* inatokana na neno la Kisanskriti la kitambaa, lakini kazi ni tofauti.

Ile ya jimbo la Odisha inahusiana na hekalu la Jagannath, Puri. Huchorwa kwenye kitambaa kilichokandikwa au jani la mtende, mistari ni myembamba na imejaa nakshi, na haihitaji mwimbaji.

*Gazir pat* ya Bengali ya mashariki inaimbwa, ila mara nyingi anayechora na anayeimba ni watu wawili. Shambhu Acharya wa Munshiganj anatoka kwenye ukoo wa wachoraji wa pat hizo. Ni ya kitambaa kizito cha pamba kilichopakwa gundi ya kokwa za ukwaju na unga wa tofali. Haifunguliwi fremu moja moja: inatundikwa yote wazi, Gazi Pir juu ya chui milia katikati akiwa mkubwa kuliko wote, visanduku vidogo vikimzunguka, na mwimbaji anaonesha kwa fimbo.

Wapo pia *jadu patua* wa mpakani na jimbo la Jharkhand, wanaowahudumia watu wa kabila la Santali. Mtu akifariki, jadu patua anafika na mchoro wa marehemu usio na mboni za macho. Familia ikitoa kitu, anaweka mboni, ili marehemu aone njia huko alikokwenda. Hiyo inaitwa *chokkhudan*, kutoa macho. Naomba tusiichukulie kama hila ya kujipatia riziki. Kwa familia ile ni ibada ya maziko.

#13 Bintishangani

Swali la mwisho kwangu. Anayetaka kununua gombo, aangalie nini? Na akifika nalo Mombasa au Dar, kwenye unyevu wetu, alitunzeje?

#14 Fundi Kifuu

Kununua: kabla ya bei, omba liimbwe. Mchoraji akiimba mpaka mwisho na kidole kikatembea na fremu, umepata kazi kamili. Omba ruhusa ya kurekodi, na ulipie rekodi kando, maana wimbo ni kazi yake ya pili na mara nyingi huombwa autoe bure. Andika jina lake, jina la kisa, na mwaka, kwenye karatasi inayokaa pamoja na gombo. Usiandike mgongoni kwa kalamu ya wino, unapenya.

Angalia maungio yote, pindua uone kama sari imeshika pande zote. Rangi ya mimea haina mng'ao wa plastiki na haifanani kabisa kutoka fremu hadi fremu. Bluu ikiwa ileile kali mwanzo hadi mwisho, uliza.

Kutunza: likunje na mchoro ukiwa ndani, juu ya bomba la kadibodi lenye kipenyo kisichopungua sentimita 8, usilibane. Funga kwa utepe wa kitambaa, siyo mpira. Mpira unayeyuka na kuacha alama. Usiweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa unyevu wa pwani utakuta ukungu baada ya masika. Foronya ya pamba inatosha. Kila baada ya miezi miwili lifungue kwenye chumba kikavu, lipate hewa nusu saa, kagua wadudu kwenye maungio, maana gundi ya mimea ni chakula chao. Ukungu ukishaanza, usifute kwa kitambaa chenye maji, kwani rangi hizi zinaamka kwa maji kama zilivyoamka kwenye kifuu. Acha pakauke kabisa, kisha ondoa vumbi la ukungu kwa brashi laini kavu, nje ya nyumba, ukiwa umefunika pua.

Na kama lazima utundike, tundika fremu mbili tu kwa wakati, nyingine zikiwa zimekunjwa, ukuta usiopigwa na jua. Baada ya mwezi sogeza mbele fremu mbili zinazofuata.